Kabla ya kumkabidhi mtu picha zako, mjaribu kwa picha tatu

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi hii ya kutoa picha ni hili: "Nikasafishe wapi?" Neno kusafisha ni la enzi za filamu, picha zilipokuwa zikioshwa kwa dawa kweli, na watu wanalitumia hadi leo kwa picha iliyomo kwenye simu. Huwa sitaji duka. Namwambia mtu achague picha tatu, azipeleke mahali pawili au patatu, kisha aziweke mezani kwa pamoja na kuzilinganisha. Gharama yake ni ndogo, na jibu atakalolipata hawezi kupewa na tangazo lolote.

Picha ya kwanza iwe ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe. Hii ndiyo nzito kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Niliwahi kupeleka picha ya marehemu bibi yangu mahali nilipokuwa nimesifiwa sana. Alikuwa amekaa kivulini, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Niliporudi kuichukua, uso wake ulikuwa wa kijivu, kama uliopakwa majivu, na kile kitambaa kilikuwa kimegeuka doa jeupe tupu, bila mkunjo hata mmoja. Nilisimama pale kaunta nikiitazama na moyo ukaniuma. Kilichotokea ni kwamba mashine iliachwa ijirekebishie yenyewe. Marekebisho ya namna hiyo hupima mwanga wa picha nzima na kuuvuta kuelekea wastani. Ikikuta uso mweusi na kivuli kingi, huamua kwamba picha imepigwa gizani, inaiongezea mwanga, na hapo weupe wa kitambaa unaungua na weusi wa ngozi unapauka.

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi sahihi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuzoeleka miaka ya 1990. Kwa hiyo fundi anayeujua uso mweusi, anayejua kwamba una wekundu na udhahabu ndani yake na kwamba mng'ao wa paji la uso usifutwe, ana thamani kuliko mashine mpya. Mwambie waziwazi: "Usiweke marekebisho ya moja kwa moja, itoe kama ilivyo." Akikuelewa papo hapo, umeanza vizuri. Akikushangaa, hata hilo ni jibu.

Picha ya pili iwe ya rangi uliyoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Jicho husamehe kosa dogo kwenye picha yenye rangi nyingi, lakini kijivu hakina pa kujificha. Ichukue picha hiyo uitazame karibu na dirisha mchana. Kama kijivu kimeelekea kijani au waridi, mashine haijasawazishwa siku nyingi, au dawa zake zimechoka, au karatasi iliyowekwa siyo iliyopangiwa. Kisha itazame tena usiku chini ya taa ya nyumbani, kwa sababu baadhi ya wino huonyesha rangi tofauti kadiri mwanga unavyobadilika.

Ya tatu iwe na kitu muhimu karibu na ukingo: mtu wa mwisho kwenye mstari, au miguu ya watoto waliokaa chini. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Ukijaza karatasi hiyo kwa picha ya simu, sehemu moja kati ya tisa ya picha inakatwa, na mashine haijui kwamba imemkata shangazi. Ukichapa bila mpaka mweupe, milimita kadhaa zaidi huliwa pembeni. Mahali pazuri watakuonyesha mkato kwenye skrini kabla ya kuchapa, au watakuuliza.

Sasa mashine zenyewe. Ukipata lenzi ya kukuzia, hata ile ndogo ya kutazamia vito, iweke juu ya jicho la mtu kwenye picha. Ukiona vidoto vya rangi vimetawanyika, hiyo imetolewa kwa mashine ya kurusha wino. Ukiona vidoto vimejipanga kwa safu kama kwenye gazeti, umechapiwa kwa printa ya ofisi, na hapo usirudi. Ukiona rangi inatelemka laini bila kidoto chochote, ama ni karatasi ya chumvi za fedha au ni mashine ya joto. Ile ya fedha humulikwa kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, kisha hupitishwa kwenye dawa na maji, ni kemia ileile ya zamani isipokuwa chanzo sasa ni faili. Ya joto huhamisha rangi kutoka kwenye utepe, ya njano kwanza, halafu nyekundu ya waridi, halafu ya samawati, na mwisho utando wa kinga. Ndiyo unayoikuta kwenye vibanda vya kujihudumia, na picha hutoka kavu.

Kwa albamu ya familia mimi napenda karatasi ya fedha. Kwa picha kubwa ya ukutani naichagua mashine ya wino wenye chembe za rangi, maana wino huo huvumilia mwanga kuliko ule wa rangi iliyoyeyushwa. Lakini nimeona kazi mbaya kutoka kwenye mashine zote hizi, na nzuri pia, ndiyo maana naanza na jaribio.

Kuna kosa moja ambalo si la duka, na linaharibu picha nyingi kuliko mashine zote mbovu: faili iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Hupunguzwa hadi upande mrefu ubaki na pikseli zipatazo 1600, na hata hizo zinakuwa zimekamuliwa. Kipimo tunachokitumia ni pikseli 300 kwa kila inchi, yaani inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, na inchi 8 kwa 10 inataka 2400 kwa 3000. Picha kubwa ya kutazamwa kwa mbali inaridhika na nusu ya hapo. Tuma kama hati, au beba faili halisi kwenye flashi. Fundi anayekupigia simu kusema "hii ni ndogo, unayo ile ya asili?" mshike huyo, hata kama duka lake ni la chumba kimoja.

Usizihukumu picha kwa skrini ya simu. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe na mara nyingi imeongezwa hadi mwisho, wakati karatasi inategemea mwanga wa chumba. Punguza mwanga wa skrini hadi karatasi nyeupe iliyo kando yake ilingane nayo, halafu ndipo useme picha ni nyeusi mno.

Picha zako za jaribio usizitupe. Andika nyuma ya kila moja jina la mahali ulipoitoa na tarehe. Kisha chukua moja kutoka kila mahali, ifunike nusu kwa kadibodi, uibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua. Baada ya miezi michache ondoa kadibodi na utazame mpaka kati ya nusu mbili. Mahali ambapo mpaka huo umeonekana waziwazi, usipeleke picha ya harusi.