Gari halichanganyi na geji ya mafuta inarukaruka: kabla hujanunua pampu

Wenye SUV za petroli za Kijapani, zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa Kigoma hunieleza matatizo mawili. Kwanza gari ukilikanyaga linasitasita, linamisi, halichanganyi. Pili geji ya mafuta haieleweki: ukitoka nyumbani ni nusu tanki, ukifika Gungu taa imewaka, kesho asubuhi nusu imerudi. Hili la pili wengi hulitaja wakiwa wameshaniachia ufunguo, wanaondoka. Mimi huanza na hilo.

Kwenye mengi ya magari haya, pampu ya mafuta na boya la geji (linaloelea juu ya mafuta na kuonyesha kiwango chake) vimefungwa pamoja ndani ya tanki, chini ya kiti cha nyuma, na kwenye baadhi vinarudisha umeme kwa waya mmoja wa ethi. Waya huo ukishika kutu, vyote viwili vinaumwa. Chukua pampu inayovuta ampea 5: kutu yenye ukinzani wa ohmu 0.4 tu inakula volti 2 nzima. Pampu inazunguka kwa uvivu, presha inashuka chini ya zile bar 3 hadi 3.5 ambazo nozeli (zinazopuliza petroli kwenye injini) nyingi za magari haya zinataka. Kwenye tambarare husikii kitu. Panda kutoka stesheni kwenda Mwanga ndipo utajua. Geji nayo inazipokea volti hizo kana kwamba boya limeshuka, mshale unalala.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata bisibisi. Fungua swichi bila kupiga stata. Kwenye mengi pampu italia sekunde mbili hivi, itanyamaza. Acha mshale utulie, usiwe na haraka, geji nyingine ni nzito kusogea. Sasa piga stata, subiri tena. Mshale ukishuka ukabaki huko, halafu ukazima, ukafungua swichi tena na ukapanda, mafuta hayajaenda popote. Ni umeme. Fanya hivyo gari likiwa mahali pa usawa, maana mlimani mafuta yenyewe yanahama ndani ya tanki na boya linakudanganya.

Mama mmoja wa Kibirizi aliniletea lake akiwa ameshabadilisha plagi.

"Fundi, mwenzio kaniambia pampu imekufa."

"Tupime kwanza, mama."

Niliinua kiti, injini ikiunguruma, nikaweka tesita (mita ya umeme) kwenye volti: ncha moja kwenye pini ya ethi ya soketi ya pampu, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo nataka kuona chini ya 0.2. Ilisoma 1.9. Nikaufuata waya hadi bolti inayoushika kwenye bodi, chini ya kapeti, nikaikuta ya kijani na imelowa. Yule mama anapeleka migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, Kasulu, na barafu ikiyeyuka maji yanaingia chini ya kapeti na kukaa hapo. Msasa, kichwa kipya cha waya, grisi juu yake, tesita ikashuka chini ya 0.1. Mwanga tulipanda bila gari kukohoa. (Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, na mwenye sigara akae mbali. Sibembelezi mtu kwenye hilo.)

Tesita ikisoma vizuri, ndipo napima waya wa chanya wa pampu, kisha presha yenyewe, chujio, koili, uchafu wa throto. Nauliza pia kama alijaza petroli ya chupa njiani. Pampu nainunua mwisho. Ni ghali, na mpya ukiifunga kwenye waya uliooza itachoka vilevile.

Wapo wanaosema geji mbovu si tatizo, wanaendesha kwa kukisia. Pampu hizi hupozwa na petroli inayopita ndani yake na kuizunguka. Ukizoea kutembea na tanki karibu tupu, unaipika.

Gari la mama lilibaki na kasoro moja: kati ya nusu na robo mshale bado unaruka. Hapo ni njia ya ukinzani ndani ya tanki, ile boya linayoisugua miaka yote, imelika, na ethi haiwezi kuiponya. Nilimwambia bei ya kifaa kipya, akaguna. Kwa sasa anajaza mshale ukifika nusu.