Usiilaumu Simu, Tazama Akaunti: Kulinda Faragha Kati ya Vifaa vya Nyumbani

Malalamiko ya faragha yanayofika kwenye dawati letu hapa Mombasa yanazidi kuongezeka, na mengi yana sura moja. Mtu ametafuta jambo la siri kwenye simu, tuseme tiba ya bawasiri, akatazama video mbili tatu YouTube akiwa peke yake chumbani. Jioni runinga ya sebuleni inafunguliwa, wakwe wamekaa, na pendekezo la kwanza ni daktari anayeeleza bawasiri. Mwenye simu anatujia akiwa na hakika kwamba simu inamsikiliza, au kwamba jirani wa ghorofa ya juu ameingilia waifai yake.

Tunawaomba wananchi waanze na maelezo mepesi. Hakuna haja ya mtu kusikiliza chochote. Runinga ile imefunguliwa kwa Gmail ile ile iliyo kwenye simu, na kwa kampuni yenye akaunti hiyo, simu na runinga ni mtu mmoja. Hilo lisipoeleweka, mtu atabadilisha nywila ya waifai kila wiki na bawasiri itaendelea kujitokeza.

Gmail hiyo ilifikaje sebuleni? Runinga imenunuliwa, fundi amekuja kuitundika ukutani, na kabla hajaondoka anauliza, "Nipe email na paswadi, YouTube ishike." Baba anataja ile ile anayopokelea taarifa za benki. Fundi ana nyumba nyingine Likoni na feri haimngoji, kwa hiyo anabonyeza "I agree" kila inapotokea. Idhini zote za nyumba zimetolewa na mtu asiyelala pale. Tumeona na kinyume chake: fundi ameweka Gmail yake mwenyewe ili amalize haraka, na kila wanachotazama watoto kinaandikwa kwenye historia yake.

Kampuni za matangazo huunganisha vifaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya uhakika: barua pepe au nambari ya simu. Kwetu nambari ya simu ndiyo yenye uzito, kwa sababu moja hiyo hiyo iko kwenye M-Pesa, WhatsApp, kadi ya pointi ya supamaketi na programu ya mkopo. Kampuni mbili zenye nambari hiyo zikilinganisha orodha zao, zimekupata, hata kama nambari imegeuzwa kwanza kuwa msimbo, maana msimbo wa nambari moja ni ule ule zikitumia hesabu moja. Njia ya pili ni ya kukisia. Vifaa vilivyo nyuma ya ruta moja (kile kifaa kinachotoa waifai) kwa kawaida huonekana nje kwa anwani moja ya intaneti, na vikilala kwenye anwani hiyo usiku baada ya usiku, mtangazaji huvihesabu nyumba moja. Ndiyo sababu mke anaonyeshwa sofa alizotafuta mume, ilhali kila mmoja ana akaunti yake. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, hubadilisha anwani tu. Ukiingia Gmail ndani ya VPN umejitaja jina mwenyewe, na ukitumia ya bure, kumbuka mwenye VPN naye anaona unakwenda tovuti zipi.

Orodha ya vifaa kwanza

Kwenye simu ya Android fungua mipangilio, ingia "Google", kisha usimamizi wa akaunti, kisha usalama, utafute "Your devices". Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Utaona kila kifaa kilichoingia kwa akaunti yako na tarehe kilipotumika mwisho. Runinga iliyouzwa, kompyuta ya saiba, simu ya zamani aliyopewa mpwa: yote yako pale. Bonyeza kimoja kimoja na ukitoe, halafu ndipo ubadilishe nywila. 

Kifaa kimoja kinaweza kuonekana mara mbili, kwa sababu programu na kivinjari huhesabiwa kila kimoja kivyake. Na mji unaoandikwa unaweza kuwa Nairobi wakati wewe uko Kisauni. Mahali hapo hukisiwa kutokana na anwani ya kampuni ya intaneti, si kutokana na ulipoketi. Tafadhali usiende kituo cha polisi na picha ya skrini iliyoandikwa Nairobi ukisema umevamiwa. Tazama kwanza aina ya kifaa na tarehe.

WhatsApp ina orodha yake, "Linked devices". Simu moja huruhusu vifaa vinne zaidi, na kuunganisha kimoja ni suala la kuelekeza kamera kwenye msimbo wa QR, sekunde chache wakati simu iko mikononi mwa mtu mwingine. Vifaa hivyo hutoka vyenyewe simu kuu isipotumika kwa siku 14. Kwa maneno mengine, ukiendelea kutumia simu yako kama kawaida, kompyuta iliyounganishwa ofisini mwaka jana bado inaweza kusoma.

Kwa wenye iPhone, kosa kubwa ni familia nzima kukaa kwenye Apple Account moja (zamani Apple ID) ili kushiriki programu zilizolipiwa. Matokeo yake ni simu kulia kwenye vifaa vyote, na ujumbe na historia ya Safari kuvuka kutoka chumba hadi chumba. Kuna mpango wa familia wa watu hadi sita, kila mmoja na akaunti yake, unaoshiriki ununuzi bila kushiriki mazungumzo. Tangu Aprili 2021 iPhone pia hulazimisha programu kuomba ruhusa kabla ya kukufuata kwenye programu za wengine. Zima "Allow Apps to Request to Track" na maombi yote yatakataliwa kwa mpigo.

Kufuta historia si kile mnachodhani

Hili tumelieleza mara nyingi na bado linarudi. Kufuta historia ya kivinjari hufuta nakala iliyo kwenye kifaa. Nakala ya akaunti iko kwenye kompyuta za kampuni na haiguswi. Ingia sehemu ya "Data & privacy" ya akaunti ya Google. Humo mna swichi tatu: "Web & App Activity", historia ya YouTube, na ile ya mahali, inayoitwa "Timeline". Kuzima swichi huzuia ya kesho tu. Ya jana lazima uyafute kwa hatua ya pili, na hapo ndipo wengi huachia njiani. Kuna pia ufutaji wa moja kwa moja wa kila miezi 3, 18 au 36. Akaunti zilizofunguliwa kuanzia Juni 2020 huja na muda wa ufutaji uliokwisha kuwekwa, lakini Gmail ya 2012 inaweza kuwa imehifadhi kila kitu tangu hapo, mpaka mwenyewe achague. Chagua miezi 3.

Ukurasa wa faragha (Incognito), ule wenye kofia na miwani, hauhifadhi historia kwenye kifaa, basi. Tovuti zinakuona, mtoa intaneti anaona unakokwenda, na ukiingia kwa akaunti yako humo ndani hakuna kilichobaki kufichwa. Nchini Marekani Google ilishtakiwa mwaka 2020 kuhusu jambo hili, na katika suluhu ya 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa watu wakidhani hawaonekani.

Kwenye Android usisahau kitambulisho cha matangazo, alama ambayo watangazaji huitambulia simu yako: mipangilio, "Google", "Ads", kisha "Delete advertising ID". Programu zitakazokiomba zitapewa sufuri tupu. Ni kazi ya nusu dakika.

Runinga inayotazama

Mbali na akaunti, runinga nyingi za kisasa zina uwezo wa kutambua kilicho kwenye kioo. Huchukua vipande vidogo vya picha au sauti, huvilinganisha na maktaba ya vipindi, na kutuma jibu kwa mtengenezaji. Haijalishi picha imetoka wapi. Hata dikoda au flashi inaweza kusomwa, kwa sababu kinachopimwa ni kioo chenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kwa kukusanya habari hizo sekunde kwa sekunde kutoka runinga milioni 11 bila idhini ya wenyewe.

Kwenye Samsung tafuta masharti na faragha ndani ya mipangilio, uzime "Viewing Information Services". Kwenye LG kitu hicho huitwa "Live Plus". Runinga za chapa nyingine zinazotumia mfumo wa Google zitafutie faragha na matangazo chini ya akaunti. Rudia ukaguzi huu kila runinga inapopokea sasisho, maana masharti mapya huweza kuja na idhini mpya.

Kisha fanya lile tunaloliona la maana kuliko yote: fungua Gmail ya runinga peke yake. Isiwe na anwani za marafiki, isiwe na kadi ya benki, isiwe imeingia kwenye simu ya yeyote. Itoe ile ya baba, weka hii. Kwa watoto tengeneza wasifu wao ndani yake. Nyumba ambayo runinga ni ya dikoda tu haihitaji hata hayo. Iondoe kwenye waifai, itafanya kazi kama kawaida.

Nyumba za wageni na simu za mkono wa pili

Nyumba za kupangisha za Nyali na Bamburi zina tatizo lao. Mgeni anaingia YouTube au Netflix, analala siku tatu, anaondoka, akaunti inabaki, na mgeni wa pili anasoma historia ya wa kwanza. Mgeni anaweza kujitoa akiwa mbali kupitia orodha ya vifaa tuliyoieleza. Mwenye nyumba airudishe runinga kwenye hali ya kiwandani kila funguo zinaporudishwa, kazi ya dakika chache tu ambayo inaweza kuingizwa kwenye zamu ya usafi. Akumbuke pia kwamba kampuni za ukarimu na za usimamizi wa majengo zimo kwenye orodha ya wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata zikiwa ndogo. Ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000. Mwenye nyumba moja asiye na hakika kama anahusika aulize kwa maandishi kabla, asisubiri kuulizwa.

Anayeuza simu aondoe kwanza akaunti ya Google kwa mkono, ndipo aifute. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, simu inaweza kumdai mnunuzi nywila yako. Atakupigia, na wewe, kwa huruma au kwa kuchoka, utamtajia. Hapo umeuza simu pamoja na barua pepe yako.

Sheria inasema nini, na haisemi nini

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imefafanua haki zako katika Kifungu cha 26: kujulishwa data inatumikaje, kuiona, kupinga itumike, na kuirekebisha au kuifuta ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Ukiiandikia kampuni kutaka kuona data yako, ina siku 7. Kurekebisha au kufuta ni siku 14. Ikikaa kimya, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna, kwa mdomo, kwa barua au mtandaoni, bila malipo, na ofisi ina siku 90 za kuchunguza na kuamua. Asiyeridhika ana rufaa Mahakama Kuu.

Adhabu ya kiutawala haizidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachofuatwa ni kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wengi husoma kinyume. Kukaidi notisi ya utekelezaji, yaani amri ya Kamishna ya kurekebisha kosa, ni kosa lenye faini ya hadi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Mifano ipo: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fedha hizo hazimwendei mlalamishi. Fidia ni jambo jingine, chini ya Kifungu cha 65, na lazima madhara yaonyeshwe.

Tuseme wazi jambo linalochukua muda mwingi wa dawati letu. Sheria hii haishughulikii mambo ya mtu binafsi ya nyumbani; Kifungu cha 51 kimeyaondoa. Mume aliyeona historia ya mkewe kwenye runinga wanayotumia pamoja hana kesi ya kupeleka kwa Kamishna, na mke pia hana. Yapelekeni kwa wazee au kwa Kadhi. Lakini aliyeingia kwa makusudi kwenye akaunti isiyo yake, awe mume, mke au mpangaji mwenza, amegusa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hiyo ni ya polisi na DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

Ukija kuandaa malalamiko dhidi ya kampuni, njoo na nakala ya ombi ulilolituma, tarehe uliyolituma, jibu kama lipo, jina kamili la kampuni jinsi lilivyo kwenye sera yake ya faragha, na picha za skrini zinazoonyesha saa na tarehe. Picha iliyokatwa pembeni tarehe ikapotea itakurudisha nyumbani kuitafuta upya, na ukiwa umeshafuta historia yako kama tulivyoshauri, haitapatikana. Kwa hiyo mwenye malalamiko apige picha kwanza, ndipo afute.