Tumbo moja, baba mmoja?

Kijana alifika kliniki yangu hapa Tabora akitokea upande wa Sikonge. Ana miaka 24, mrina asali wa ukoo wa warina asali. Asali hurinwa usiku, na usiku ndio uliokuwa umemshinda. Mchana aliweza kuhesabu mizinga juu ya mti akiwa mbali. Jua likizama alijikwaa kwenye vigoda, akakanyaga sufuria, akawagonga wenzake njiani. Kijijini walishasema amerogwa.

Nilimtia dawa ya kupanua mboni nikatazama nyuma ya jicho. Pembezoni mwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kulikuwa na madoa meusi yaliyotawanyika, na mishipa ya damu ilikuwa imesinyaa kama uzi. Hiyo ni retinitisi pigmentosa, ugonjwa unaompata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani. Seli za retina zinazofanya kazi gizani hutangulia kufa, kisha kingo za anachokiona mtu humomonyoka mwaka hadi mwaka, hadi anabaki kutazama kama anayechungulia kwenye tundu la mwanzi. Ukosefu wa vitamini A nao huleta upofu wa usiku, ndiyo maana tunauchunguza mapema, kwa sababu wenyewe unatibika. Kwa kijana huyu haukuwa huo.

Nikamuuliza kama kuna mwingine nyumbani. Akajibu bila kusita: "Ndugu zangu watatu, daktari. Wote wanaume."

Nikaandika hivyo kwenye fomu tuliyoletewa na wenzetu wa maabara ya Ulaya tunaoshirikiana nao. Ndugu wa kiume watatu wagonjwa, wazazi wazima. Yeyote aliyesoma urithi akiona hivyo, mawazo yake ya kwanza ni kwamba mtoto amepokea nakala mbovu mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Wenzetu wakaanza kutafuta huko. Jeni zinazoweza kuleta magonjwa ya retina ya kurithi ni zaidi ya 250, kwa hiyo mahali pa kuanzia pana uzito. Baada ya miezi kadhaa likaja jibu ambalo wagonjwa wetu hulipata mara nyingi mno: kuna badiliko, lakini maana yake haijulikani.

Jibu hilo lina chanzo chake. Hifadhi kubwa za kimataifa ambazo vinasaba vya mgonjwa hulinganishwa nazo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Herufi ya vinasaba iliyobadilika kwa Mnyamwezi, ambayo huenda majirani zake wengi wenye macho mazima wanayo pia, huko inaonekana ngeni, na kigeni kikikosa cha kulinganishwa nacho hubaki fumbo. Mradi wa H3Africa wa kuchunguza vinasaba vya Waafrika, uliogharimiwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, pamoja na shirika la hisani la Wellcome la Uingereza hadi mwaka 2022, ulipunguza pengo hilo, ila bado ni kubwa. Familia zetu zisipokuwemo kwenye kumbukumbu hizo, mashine hata iwe ghali vipi haitasoma vizuri mtoto wa Sikonge.

Nikafunga safari kwenda kwao. Bibi yake nilimkuta chini ya mwembe, nikamwamkia, tukakaa. Nikamtajia wale watatu mmoja mmoja na kumuuliza: tumbo moja, baba mmoja?

"Huyu wa kwanza, ndiyo. Hao wawili ni wa mama yake mkubwa."

Kumbe. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako kamili, na kijana hakunidanganya hata kidogo. Ni mimi niliyeuliza kwa neno la fomu badala ya neno la nyumbani. Bibi akaendelea: "Na mjomba wao, marehemu mwanangu, tulikuwa tunamwongoza kwa fimbo."

Niligeuza karatasi nikachora upya. Wagonjwa wote wanaume, na wote wameunganishwa na wanawake wenye macho mazima. Hiyo ni picha nyingine kabisa. Kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni; mwanamke ana kromosomu X mbili, hivyo nakala nzima humkingia ile mbovu. Mwanamume anayo X moja, akipokea mbovu hana ya akiba. Kila mtoto wa kiume wa mama mbebaji, yaani aliye na nakala mbovu moja, ana nafasi nusu ya kuugua, na kila binti nafasi nusu ya kubeba. Baba mgonjwa hampi mwanawe wa kiume ugonjwa huu kamwe, kwa sababu humpa kromosomu Y, si X, bali mabinti zake wote huwa wabebaji.

Hapa lugha yetu inafanya kazi ambayo fomu ya wageni haiwezi. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na hata mume wa shangazi. Kwa ugonjwa unaopita kwenye X, mjomba na baba mdogo ni mbingu na ardhi. Mjomba kipofu ni ushahidi. Baba mdogo kipofu ananirudisha kutafuta njia nyingine. Fomu ikijazwa kwa Kiswahili, nusu ya mti wa ukoo imeshachorwa.

Kabla ya kuondoka nilitazama macho ya mama. Retina yake iling'aa rangi ya dhahabu kuelekea pembeni, dalili inayoonekana kwa baadhi ya wabebaji. Kwa hilo sikuhitaji mashine ya mamilioni.

Niliwaandikia wenzetu siku ileile, nao, nawashukuru, hawakubisha. Walikwenda moja kwa moja kwenye jeni ya RPGR iliyo kwenye X, iliyogunduliwa mwaka 1996 na inayobeba kesi nyingi za aina hii. Jeni hii ina sehemu ambayo herufi zake hujirudiarudia hata usomaji wa kawaida huiruka. Walipoisoma kwa njia maalumu, kosa lilikuwa humo. Tukapima wagonjwa na wazima wa ukoo: kila mgonjwa tuliyempima analo.

Ushirikiano wa namna hii umeshatusaidia. Mwaka 1995 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa Watanzania wengi wenye ualbino wa aina ya OCA2, ambao huwaathiri macho pia, wana upungufu uleule mmoja wa herufi takriban 2,700 kwenye jeni ya OCA2. Upungufu huo umeonekana pia kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Hapo kipimo kimoja rahisi kinajibu familia nyingi, na hilo lilijulikana kwa sababu Watanzania walihesabiwa.

Lakini nimeona pia sampuli zikiondoka na majibu yasirudi. Timu moja ilipita miaka ya nyuma, ikachukua damu, na wazee mpaka leo wananiuliza. Linaniuma. Sheria tunazo: utafiti hupitia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, sampuli haivuki mpaka bila mkataba, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi naongeza sharti langu: tarehe ya kurudisha jibu iandikwe kabla chupa ya kwanza haijajazwa.

Watu huuliza dawa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni kwa wenye kosa kwenye jeni iitwayo RPE65, nayo ikatangazwa kwa bei ya dola 850,000 macho yote mawili. Ni ya jeni hiyo peke yake, haimhusu kijana wangu. Nilimweleza hivyo bila kuzunguka. Akaniuliza kama ni kweli hajarogwa. Nikamwonyesha mchoro, mjomba wake akiwa juu, na mstari unaoshuka hadi kwake. Aliutazama muda mrefu, akaomba nakala ampelekee mama, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akinyooshewa kidole. Nikamsihi jambo moja: mama alilipokea kosa hili bila kujua, asisemwe tena.

Wiki iliyopita bibi alinipigia simu. Ana binti mwingine aliyeolewa Kigoma, naye ana mtoto wa kiume wa miaka sita ambaye magharibi ikiingia hukamata nguo ya mama yake. Wanakuja kwa treni.