Huria maana yake si bure

Pale Kabwe, jijini Mbeya, ukishuka kwenye bajaji upande wa kwenda Mwanjelwa, kuna kijana ana meza ya kutengeneza kompyuta chini ya mwavuli. Kwenye kipande cha boksi ameandika bei zake kwa kalamu nene nyekundu: kupiga windo elfu kumi, kuhamisha nyimbo elfu moja, na mstari wa tatu, kwa herufi kubwa, OPENSOSI ZOTE 5,000/=. Wiki iliyopita nilisimama nikamuuliza hizo opensosi ni zipi. Akachomeka flashi. Ndani mlikuwa na programu ya kuandikia ya kulipia, imekrakiwa, yaani kufuli lake la leseni limevunjwa. Ya kuhariri picha, imekrakiwa nayo. Antivairasi yenye namba ya kuokota. Na chini kabisa, kama mtoto wa kambo, VLC, ile ya kuchezea video.

"Zote za bure hizi, bro," akaniambia. "Hulipii leseni."

Sikumgombeza, maana hayuko peke yake. Siku tatu kabla ya hapo mama mmoja mwenye steshenari aliniletea laptopu ya mtumba iliyogoma kupanda Windows 11. Amesikia kwamba Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, akataka nimwekee "opensosi ya Windows, ile ya bure". Na kabla ya huyo, kwenye semina moja Iringa, mtoa mada mwenye shahada yake alisimama mbele ya walimu akasema opensosi ni programu "zisizo na mwenyewe". Watu watatu, makosa matatu, neno moja. Nimeona niandike.

Maana yenyewe haichukui muda. Opensosi, kwa Kiingereza open source na kwa Kiswahili programu huria, ni ile inayokuja na ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua uone ilivyoundwa na kuibadili, kumgawia mwenzako nakala, na kumgawia hata ile uliyoibadili. Ili uweze kuibadili, lazima upewe maandishi aliyoyaandika mtengenezaji kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Hayo ndiyo msimbo chanzo, ndiyo "sosi" ya kwenye opensosi. Basi. Soma tena hizo ruhusa nne uone kama umekutana na shilingi.

Kero yangu inaanzia kwenye hiyo shilingi, na ili nieleweke itabidi turudi nyuma kidogo, Marekani, karibu mwaka 1980.

Kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kulikuwa na mashine ya kuchapa iliyokuwa ikikwama karatasi. Mwenye steshenari yeyote anaijua hiyo hali: umetuma kurasa hamsini, unakwenda kuchukua, unakuta mbili, ya tatu imekunjika tumboni mwa mashine. Mfanyakazi mmoja wa maabara, Richard Stallman, kwa mashine ya zamani alikuwa amepata ufumbuzi. Alifungua programu yake akaongeza maagizo ili karatasi ikikwama, wote wanaosubiri wapate ujumbe kwenye kompyuta zao, na mmoja anyanyuke akainasue. Ikaja mashine mpya, ya Xerox, ya kisasa zaidi, nayo ikakwama vilevile. Safari hii programu yake ilikuja imefungwa, msimbo chanzo haukuwemo. Stallman akamfuata mtu mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akamwomba nakala. Yule akakataa, alikuwa ameahidi kutompa mtu.

Sasa jambo ambalo wengi wakisimulia kisa hiki hulipita mbio: ile mashine ya Xerox ilikuwa zawadi. Maabara haikulipa hata senti. Ilikuwa ya bure kabisa, na ndiyo iliyomkasirisha mtu hadi Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika upya mfumo mzima wa kompyuta ambao mtumiaji atakuwa na ruhusa nao. Kwa hiyo harakati zote hizi tunazoziita "za bure" zilichochewa na kitu cha bure.

Stallman aliziita programu za namna hiyo kwa jina la Kiingereza, free software, ambalo limemtesa mpaka leo, kwa sababu Kiingereza kina neno moja tu, free, kwa mtu aliyetoka kifungoni na kwa soda usiyoilipia. Ikambidi kila anaposimama aeleze kwamba anazungumzia uhuru kama wa kusema, hazungumzii bia ya kupewa. Watu waliendelea kuelewa bia. Hatimaye Februari 1998, kampuni ya Netscape ilipokuwa imetangaza kwamba itauweka wazi msimbo wa kivinjari chake, kikundi cha watu kilikutana Palo Alto, na mmoja wao, Christine Peterson, akapendekeza jina jipya, hili la opensosi. Sababu mojawapo ilikuwa kuukwepa huo utata. Walitaka neno ambalo mfanyabiashara akilisikia asiwaze bei.

Hapo ndipo ninaposhangaa. Sisi huo utata hatukuwa nao. Kiswahili kina huru, na kina bure, na hakuna mtoto wa Mbeya anayeyachanganya. Hakuna aliyewahi kusema Tanganyika ilipata ubure mwaka 1961. Tumeazima dawa ya ugonjwa ambao hatukuugua, tumeinywa, sasa tunaugua.

Tena "bure" ni jina baya kwa programu yoyote. Bure yetu ina sura mbili: kutolipa, na kutofaa. Kazi bure. Nimejisumbua bure. Ukimwambia mtu "wewe bure kabisa" ataelewa umemtukana. Mteja ukimwambia unamwekea programu ya bure, nusu ya sikio lake linasikia programu isiyo na maana, na likikwama jambo dogo tu atakwambia alijua.

Neno zuri tunalo, na tunalo siku nyingi. Kwa Kiarabu hurr ni mtu asiye mtumwa, na hali yake ni hurriya. Kiswahili kikalichukua la kwanza, likawa huru, kikalivika u- yetu likazaa uhuru. La pili kikalibeba zima zima, huria. Ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili. Uhuru akaenda kwenye siasa na bendera. Huria akakaa kimya, kisha akaibukia kwenye biashara, enzi za Mzee Mwinyi, tulipoanza kuimba soko huria.

Soko huria linanisaidia sana nikiwa na mteja mbishi. Mwanjelwa ni soko huria, lakini jaribu kuondoka na debe la viazi bila kulipa. Huria pale ni kwamba yeyote anaweza kuleta viazi vyake kutoka Njombe au Umalila akauza kwa bei watakayokubaliana na mnunuzi. Mfano ulio bora zaidi uko jirani hapo hapo: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mbeya, kina kituo Iringa. Ada wanalipa. Mitihani wanafanya, na wanafeli. Hakuna mzazi aliyewahi kwenda dirishani kudai asomeshewe mtoto bila ada kwa sababu chuo kimeitwa huria. Maana ya neno mtu anaijua vizuri anapojaza fomu ya chuo, anaisahau akifika kwenye kompyuta.

Na kwa kuwa nimemtaja Mzee Mwinyi, lile neno lake, ruksa, ndilo ningelitumia badala ya leseni kama ningeulizwa. Leseni kwetu inanuka trafiki na faini. Ruksa ni rukhsa, ruhusa, na programu huria ni programu iliyokuja na ruksa yake mfukoni. Sikuulizwa, tuendelee.

Wale ambao chuo hakiwaingii huwa nawapa mahindi. Mama yangu mdogo, kule Rungwe, mbegu yake haiweki ghalani. Anachagua mahindi manene wakati wa kuvuna, anayafunga kwa maganda yake yenyewe mawili mawili, anayaning'iniza juu ya moto jikoni. Yanakaa kwenye moshi mpaka yanakuwa meusi, wadudu hawayasogelei. Msimu ukifika anayapukuchua, anachanganya na aliyopewa na jirani akipenda, anampa mwingine kisado, na huyo akitaka aende akayauze. Mbegu hiyo aliinunua miaka iliyopita, kwa hela. Ni huria. Sasa chukua pakiti ya chotara unayogawiwa na wakala wa pembejeo siku ya maonesho, uijaribu. Hujalipa chochote, na mavuno yake yatamshinda mama mdogo mbali sana, sibishi. Lakini punje za mavuno hayo ukizirudishia shambani, zinaota za kila namna, ndefu na fupi, na mavuno yanashuka. Itabidi urudi dukani. Ni ya bure, na haikukupa ruksa ya kuiendeleza. (Kwenye chotara aliyefunga mlango ni maumbile yenyewe. Kwenye programu ni mwanasheria. Mfano hauendi mbali kuliko hapo.)

WhatsApp ndiyo hiyo pakiti ya chotara. Hulipii, na huwezi kuona ndani. Upande wa pili, kampuni ya Red Hat iliishi kwa kuuza huduma za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Bilioni 34 kwa "cha bure".

Nirudi kwa mtoa mada wa Iringa na programu zake zisizo na mwenyewe. Hili kosa ni baya kuliko la bei, kwa sababu linazaa holela. Programu huria ina mwenyewe. Ruksa unaitoa juu ya kitu chako, huwezi kutoa ruksa ya shamba lisilo lako, na ile leseni maarufu ya programu huria, GPL, inasimama juu ya hakimiliki hiyo hiyo ambayo watu wanadhani imefutwa. Linux ina wenyewe maelfu, kila mmoja na sehemu aliyoiandika. Ina mlango pia. Kuuchukua msimbo ukaenda kuuchezea nyumbani kwako, hakuna wa kukuzuia. Kutaka badiliko lako liingie kwenye Linux ya wote, hapo utapita kwa watunzaji wa kila eneo, na mwisho wa njia amekaa Linus Torvalds, aliyeianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Anakataa mengi, na kwa miaka mingi lugha aliyokatalia haikuwa ya kanisani.

Mlango ukilegea, yanatokea ya xz. Hiki ni kiprogramu kidogo cha kubana mafaili, kilichomo karibu kila Linux, kikitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja aliyechoka. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia miaka kama miwili hadi akapewa ufunguo. Kisha akapachika mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, akaona kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Nusu sekunde! Akafukua, na kwa sababu ruksa ya kufukua ilikuwepo, akamkuta nyoka. Wanaopenda huria na wanaoichukia wote wanakitumia kisa hiki, kila mmoja anakata kipande chake.

Za kukraki sijazisema sana kwa sababu hazina mjadala. Hapo mwenye kitu hajakupa ruksa hata moja kati ya zile nne. Bei ya sifuri haiwezi kuziba pengo hilo, na ufunguo wa kuokota mara nyingi unakuja na wageni wake. Nusu ya laptopu zinazoletwa kwangu zikitambaa zimeambukizwa hapo.

Yule mama wa steshenari nilimwekea Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia. Akachapa barua mbili za maombi ya kazi za wateja wake hapo hapo, akaniuliza mbona maandishi yanafanana na ya siku zote, akasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akalipa, akaenda. Kuhusu neno hakuniuliza, nami sikumtajia.

Kijana wa Kabwe yeye aliniuliza, na swali lake lilikuwa zuri: "Sasa bro, kama nikiweka LibreOffice, siruhusiwi kudai elfu tano?" Unaruhusiwa. Hata GPL inakubali uuze nakala yenyewe, achilia mbali mikono yako, umeme na bando ulilopakulia. Bei yako haina kosa, mdogo wangu. Kilicho na kosa ni mstari wa tatu wa boksi lako, na ni kosa la nusu tu, maana VLC imo. Ukate mara mbili. VLC, LibreOffice na Firefox ziandike huria, elfu tano. Zile nyingine ziandike jina lake, za kukraki, na ukiona aibu kuandika hivyo kando ya barabara, ziache kwenye flashi.