Porfiria: rangi ya mkojo peke yake haitoshi

Porfiria ni kundi la magonjwa, mengi ya kurithi, ambapo mwili hushindwa kukamilisha kutengeneza himu, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Kemikali za njiani, yaani porfirini na malighafi yake, hurundikana mwilini.

Dhana: Mkojo wa mwenye porfiria hutoka mwekundu. Ukiwa wa kawaida, ugonjwa haupo.

Ukweli: Dhana hii ndiyo inayoumiza wagonjwa kuliko zote. Porfiria ya ghafla inapomshika mtu, kinachojaa kwenye mkojo ni porfobilinojeni, malighafi ya porfirini, nayo haina rangi. Mkojo unaweza kutoka wa manjano kabisa, kisha ukiachwa mezani penye mwanga ukaanza kuwa mwekundu, mwishowe kahawia iliyokolea. Tena mkojo mwekundu una sababu nyingine zilizo za kawaida zaidi huku kwetu: kichocho, rifampisini anayomeza mgonjwa wa kifua kikuu, hata bitiruti. Kwa hiyo mtu anayejikunja kwa maumivu ya tumbo, anatapika, choo kimefunga na moyo unamwenda mbio, lakini vipimo havionyeshi sababu, apimwe porfobilinojeni kabla ya kupasuliwa bure.

Dhana: Ni lazima kukusanya mkojo wa saa 24.

Ukweli: Mkojo wa mara moja unatosha, mradi utolewe maumivu yakiwa bado yapo. Maabara hupima na kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka na mkojo, hivyo maji mengi aliyokunywa mgonjwa hayapotoshi jibu. Cha kuzingatia ni mwanga: kikopo kizungushiwe foili papo hapo na kiwekwe kwenye friji. Kusubiri siku nzima ni kuchelewesha tiba.

Dhana: Kile kijiti cha kupimia UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kingeonyesha.

Ukweli: Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Maabara yenye kemikali ya Ehrlich hudondoshea matone ya mkojo, na porfobilinojeni ikiwa nyingi rangi hugeuka nyekundu ya waridi. Hata hivyo urobilinojeni, kemikali nyingine ya kawaida kwenye mkojo, nayo huleta rangi inayofanana, kwa hiyo lazima kiasi kithibitishwe kwa kipimo kamili.

Dhana: Porfirini zimepanda, basi nina porfiria.

Ukweli: Si lazima. Ugonjwa wa ini, pombe na sumu ya madini ya risasi huzipandisha pia. Ndiyo maana fomu ya vipimo iandikwe porfobilinojeni kwa jina, isiishie kwenye “porfirini” tu.

Dhana: Maumivu yamepoa, nitapima wiki ijayo.

Ukweli: Huenda ukakuta jibu la kawaida. Katika porfiria variegata, aina mojawapo ya ugonjwa huu inayopatikana sana Afrika Kusini miongoni mwa uzao wa Waholanzi wawili waliooana Cape mwaka 1688, porfobilinojeni inaweza kushuka ndani ya siku chache. Hapo hutafutwa porfirini kwenye kinyesi na kwenye plazma, yaani majimaji ya damu.

Na ipo porfiria ambayo mkojo hauisemi kamwe. Mtoto anayelia ngozi inamuungua kila akitoka juani anaweza kuwa na protoporfiria. Protoporfirini, aina ya porfirini inayorundikana katika ugonjwa huo, haiyeyuki kwenye maji, hutoka kupitia nyongo. Huyo apimwe damu.

Ndugu wa mgonjwa nao wasitulizwe na mkojo safi. Mtu anaweza kurithi jeni akaishi miaka bila dalili wala porfobilinojeni nyingi, hadi siku anapopewa dawa ya kundi la babitureti (dawa za usingizi na kifafa). Wao wanahitaji kipimo cha vinasaba.