Virusi vilivyoonekana kwenye uvimbe kutoka Uganda, na chanzo cha MS

Mgonjwa akishaambiwa kuwa ana maltipo sklerosisi, au MS kama wengi tunavyoiita, kabla hajauliza dawa huuliza: imetoka wapi? Tunajua kwamba kinga ya mwili hushambulia mielini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kinachoichokoza kinga hiyo ndicho kilichotusumbua kwa miongo mingi.

Januari 2022 watafiti wa Harvard, chini ya Alberto Ascherio, walichapisha uchunguzi wa damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani. Kati ya 801 waliopata MS, 35 hawakuwa na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huenea kwa mate, kwenye sampuli ya kwanza. Wote isipokuwa mmoja waliambukizwa kabla ugonjwa haujaanza. Hatari ya kupata MS ilipanda mara 32 baada ya maambukizi hayo. Mimi namba hiyo hainishtui sana. Kilichonishawishi ni kwamba virusi vingine vinavyoenea kwa mate, vya saitomegalo, havikuongeza hatari, na kwamba protini inayovuja kwenye damu neva zinapoumia ilipanda baada ya maambukizi, si kabla.

Virusi hivi vina historia ya hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza London mwaka 1961 kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Anthony Epstein alikuwepo akisikiliza, akaomba sampuli zipelekwe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona kwa hadubini ya elektroni.

Afrika Mashariki karibu kila mtoto huvipata akiwa mdogo, mama asijue lolote, na MS ni adimu. Ulaya wengi huvipata ujanani, na waliougua homa ya tezi, ugonjwa unaoletwa na virusi hivi, wakati huo wana hatari kubwa zaidi. Huenda umri wa kuambukizwa una uzito. Lakini tuwe waangalifu: penye mashine chache za MRI, zinazopiga picha za ubongo, hata ugonjwa uliopo hauonekani.

Tena, karibu watu wazima wote duniani wanavyo, na wengi mno hawaugui. Pacha wa kufanana wa mgonjwa wa MS hupata ugonjwa huo mara moja tu katika nne hivi. Kuna mengine yanayochangia: jeni za kinga, sigara, upungufu wa vitamini D, unene wa utotoni.

Sasa, kilichoanzisha ugonjwa si lazima kiwe ndicho kinachouendesha. Dawa zinazoondoa seli B, aina ya chembe za kinga, kama okrelizumabu, hupunguza sana mashambulizi, yaani vipindi vya dalili kuzuka, lakini baadhi ya wagonjwa miguu huendelea kudhoofika polepole, kwa sababu uvimbe unaoletwa na kinga hubaki unafuka ndani ya ubongo ambako dawa nyingi hazifiki vizuri. Mwaka 2023 uchambuzi wa jeni za wagonjwa zaidi ya 12,000 ulionyesha kwamba waliorithi badiliko fulani kwa baba na mama walihitaji mkongojo karibu miaka minne mapema. Badiliko hilo liko karibu na jeni zinazofanya kazi ndani ya ubongo wenyewe, tofauti na zile za kuupata ugonjwa, ambazo nyingi ni za kinga.

Ndiyo maana kliniki siridhiki nikisikia, “Daktari, mwaka huu sijapata shambulio.” Namwomba atembee mita 7.5 nikiwa na saa mkononi, kisha nalinganisha na ya mwaka jana.