Mirathi, Zaka na Kibla Katika Somo la Hesabu

Katika kazi yangu ya kuandaa mitaala na kuwanoa walimu wa shule za Kiislamu kuanzia Kisumu hadi Mumias, wazazi huniuliza mara kwa mara ni saa ngapi kwa wiki zitengewe dini na ngapi masomo ya serikali. Swali hilo linahusu ratiba, ilhali tatizo naliona ndani ya masomo yenyewe. Shule nyingi zimeziweka elimu hizi mbili chini ya paa moja tu: asubuhi anaingia mwalimu wa hesabu, alasiri anaingia maalim wa Kurani na fiqhi (sheria za Kiislamu), na wawili hao hawajapata kuketi pamoja wakatazama wanachofundisha.

Tuchukue mirathi. Mwanamume ambaye wazazi wake wametangulia amefariki, akaacha mke, mwana mmoja wa kiume, binti mmoja na shamba la ekari 6. Madeni yamelipwa na hakuna wasia. Kwa mujibu wa Sura An-Nisaa, aya ya 11 na 12, mke anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, na kinachobaki kinagawanywa kwa namna ambayo fungu la mwana wa kiume ni sawa na la mabinti wawili. Mwanafunzi asiyezijua akisami atakariri hukumu hiyo na asiweze kuitumia. Anayezijua ataligawa shamba katika mafungu 24, ampe mke 3, mvulana 14 na msichana 7, yaani robo tatu ya ekari, ekari tatu na nusu, na ekari moja na robo tatu. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya wasia na mirathi, kwa hiyo tunaporudisha mifano hii darasani hatuzui jambo geni.

Zaka ya mazao inatupa mfano wa hapa hapa. Mahindi yanayotegemea mvua, yakifikia nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka), hutolewa asilimia 10. Mpunga wa Ahero, unaomwagiliwa kwa maji yanayopampiwa kutoka Mto Nyando, hutolewa asilimia 5, kwa sababu mkulima amegharimika. Katika jiografia, kibla cha Kisumu, yaani uelekeo wa Makka, kiko takriban digrii 13 mashariki ya kaskazini, na mwanafunzi mwenye dira na ramani anaweza kukihakiki mwenyewe.

Hata hivyo, si kila kitu kichanganywe. Hifdhi, yaani kuhifadhi Kurani kwa moyo, inahitaji wakati wake pekee, alfajiri akili ikiwa bado tulivu, na sipendi desturi ya kubandika aya mwanzoni mwa kila somo la sayansi, kwani aya haitafsiriki kwa haki na sayansi haielezeki zaidi.

Mjadala huu si wa leo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilitumia gazeti lake la Al-Islah kuanzia 1932 kuwahimiza Waislamu waitafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini yao.

Ushauri wangu kwa kamati za shule ni kutenga saa moja kila wiki ambapo maalim na mwalimu wa hesabu wanaandaa somo moja kwa pamoja, wakianza na zaka katika Gredi ya 6, kisha mirathi katika Gredi ya 8. Saa hiyo ilipwe kama saa ya kufundisha, na wote wawili walipwe kiwango kimoja.